Dirisha la Karakana ya Breki

Jumamosi asubuhi, baada ya kuosha sufuria ya uji na kumpa paka haki yake, Rowena Pickersgill alifungua boneti ya gari lake, akawasha injini na kuiacha ipate moto kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Hilo ndilo sharti la kwanza. Injini baridi ni kama mtu aliyeamshwa ghafla usingizini: lolote atakalokwambia, usiliweke moyoni. Chai ilipobaki machicha, Rowena alivua vichujio vya hewa, akavilaza juu ya gazeti la juzi, akachukua kipande chake cha mpira wa kumwagilia bustani, urefu wa mkono, akachomeka ncha moja sikioni na nyingine akaielekeza kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, moja ya zile mbili zinazochanganya hewa na petroli.

Ssss. Sauti ya mkutubi anayenyamazisha watoto.

Akauhamishia mpira kwenye kabureta ya nyuma. Hapo palikuwa na mtu anapumua.

Alipumua kwa taabu, kwa vituo, kama anayepandisha kabati ghorofani, na mwisho wa kila pumzi palilia kafilimbi kembamba. Rowena aliijua filimbi ile. Alilala chumba cha pili kutoka kwayo tangu alipozaliwa mpaka baba yake, Enoch, alipofariki, naye Rowena wakati huo akiwa na miaka kumi na tisa na nywele nyingi kuliko sasa. Akashika bisibisi, akakaza skrubu ya nyuma kiasi cha unywele. Pumzi ikatulia.

"Dirisha limefunguliwa?" baba yake akauliza.

Rowena akachomoa mpira, akapangusa sikio kwa ncha ya aproni, akaurudisha.

"Dirisha lipi, baba?"

Lakini injini ilikuwa imeshaanza kukohoa. Ikazimika. Rowena akaenda kutia maji mengine kwenye birika.

Alikuwa mpishi wa shule ya msingi, akiishi kwenye kitongoji nje kidogo ya Coventry, mahali ambapo nyumba za matofali mekundu zimeegemeana kama walevi wanaosindikizana. Kila nyumba ina gereji kwa nyuma, na kila gereji ina gari la zamani la viti viwili, paa la turubai, lililotengenezwa hapohapo mjini enzi ambazo hapakuwa na familia isiyo na mtu kiwandani. Mwanamume asiye na gari bovu gerejini alihesabiwa kuwa ana siri nyingine mbaya zaidi. Magari hayo huvuja oili. Wenyewe husema likiacha kuvuja si kwamba limepona, ni kwamba oili imekwisha.

Gari la Rowena lilikuwa Averley, la kijani kibichi kama jani la chai. Averley halikuwa na mbio kuliko mengine, viti vyake vilikuwa adhabu, na mvua ikinyesha ndani kulikuwa na unyevu kuliko nje. Sifa yake ilikuwa rangi. Hakuna aliyewahi kupaka gari rangi kama kampuni ya Averley. Hata baada ya miaka sitini ungeweza kuinama ubavuni mwake ukajichokonoa meno bila kioo. Watu walitoka ng'ambo kuja kuipapasa tu, halafu wakapanda ndege kurudi kwao.

"Jirani!" sauti ikaita kutoka uani. "Gari lako lina pumu?"

Huyo alikuwa Lionel Bagshaw, mwalimu mstaafu wa jiografia, wa nyumba ya pili. Gari lake mwenyewe lilikuwa vipande vipande tangu mkewe alipokuwa hai. Akiulizwa litakamilika lini hujibu "kiangazi," bila kutaja cha mwaka gani.

"Njoo usikie mwenyewe," Rowena akasema, akawasha tena.

Lionel aliupangusa mpira kwa leso kwanza. "Si dharau, jirani. Masikio yana heshima yake." Akasikiliza akiwa amefumba macho, kama anayeonja supu.

"Ni Enoch huyu."

"Ndiye."

"Mchanganyiko umekonda, ndiyo maana anahangaika. Hewa nyingi, petroli haba. Nati ya chini, mzungushie pembe moja tu kati ya zile sita. Usimzidishie, atapaliwa."

Rowena akapitisha mkono chini ya kabureta, akazungusha nati pembe moja. Pumzi ya baba yake ikapata nafasi, na nyuma yake ikasikika pumzi nyingine, nzito, na nyuma ya hiyo nyingine, mpaka ikawa kama bweni zima.

"Wako wengi," Lionel akasema, akimrudishia mpira. "Hapo ndipo penyewe. Keki ipo?"

Ipo. Walikula wamesimama. Kwenye ekzosi kulikuwa kunatoka vumbi jeupe, laini kama unga wa ngano, likielea bila haraka na kutua juu ya vigae, juu ya kofia ya Lionel, juu ya mwanzi wa kuanikia nguo wa jirani wa upande wa pili, ambaye alitoka, akaanua mashuka yake na kurudi ndani. Lilitua kila mahali isipokuwa juu ya gari. Ukilifagia unakuta ufagio mtupu na sakafu safi, na kooni umebaki na kikohozi kimoja tu, cha adabu. Lionel akakohoa chake, akafunika kikombe kwa kisahani, akaendelea na habari za magoti yake.

Enoch Pickersgill alifanya kazi karakana ya breki. Kazi yake ilikuwa kusaga lainingi za breki mpaka zikae sawa ndani ya ngoma ya gurudumu, na lainingi za siku zile zilikuwa za asbesto, madini ambayo vumbi lake huziba mapafu. Alirudi nyumbani mweupe kama mwoka mikate. Mkewe alimvulisha ovaroli uani, akaipiga ukutani, akaipiga tena, mpaka ukuta nao ukawa mweupe na Rowena mdogo akauchora kwa kidole paka na nyumba. Baadaye Enoch akaanza kukohoa. Kisha akaacha kuimba. Kisha akawa analala ameketi.

Sasa, Enoch hakuwahi kuvuta sigara maishani mwake. Alikuwa mtu wa kanisa lile la pembeni, la watu wasiokunywa, wasiocheza kamari, na wanaoimba kwa nguvu ili kufidia. Lakini alikuwa na tabia moja iliyomponza: aliokota pakiti tupu za sigara barabarani. Kila fundi wa mji ule anajua sababu. Ndani ya injini kuna vidomo viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili kutoa cheche, na upana wa nafasi kati yake ni sawasawa na unene wa karatasi ngumu ya pakiti ya sigara. Unaikata kipande, unaipenyeza, ikipita kwa kubanwa kidogo mambo yako ni safi. Jumapili baada ya ibada Enoch alizunguka mtaani akiwapimia majirani vidomo vyao kwa hisani tu, mifuko imejaa vipande vya pakiti za sigara, Mungu amsamehe.

Daktari wa kampuni alipompima kifua, alimwambia ageuze mifuko. Vipande vikamwagika mezani.

"Na hizi?" daktari akauliza.

"Ni za… kupimia…" Enoch akasema. Kueleza kunataka pumzi, na zake zilitosha maneno matatu tu. Daktari akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Siku ya maziko kampuni ilileta shada kubwa la maua na kijitabu kuhusu madhara ya tumbaku. Rowena alikipokea akasema asante. Ndivyo alivyolelewa.

Na jambo jingine: Enoch hakuwahi kupanda Averley. Aliyasukuma, ndiyo, kutoka karakana moja hadi nyingine, bega kwenye boneti, mengi kuliko anavyoweza mtu kukumbuka. Kupanda, hapana. Yalipofika getini yaliendeshwa na watu wengine. Hili la kwake, Rowena alilikuta kwa mkulima mmoja, kuku wamelifanya kiota. Akatoa mayai, akalipa, akalivuta nyumbani, na kwa miaka kadhaa alitumia likizo zote za shule kulirudisha duniani. Alipoulizwa kwa nini, alisema mikono ilimwasha. Hakusema kwamba siku baba yake alipokufa alikuwa ametoka chumbani dakika moja tu kwenda kufunga mlango uliokuwa ukipigwa na upepo, na aliporudi filimbi ilikuwa imenyamaza. Alitaka kumsikia akivuta pumzi moja nzima. Moja tu, ya kushiba.

Kwa hiyo akaendelea kuirekebisha injini. Jioni baada ya jioni, maua ya mchongoma yakichanua kwenye ua wa jirani, alikaza hapa, akalegeza pale. Alichomoa plagi za cheche na kuzitazama midomo: nyeusi, maana yake petroli imezidi, nyeupe, imepungua, kinachotafutwa ni rangi ya biskuti. Kadiri plagi zilivyokaribia biskuti, ndivyo sauti zilivyosafika. Jioni zilipokuwa biskuti hasa, ile ya kuchovya kwenye chai, alichomeka mpira sikioni na kuuliza tena.

"Baba, dirisha lipi?"

"La karakana yetu, binti. Lile kubwa… linalotazama uani."

"Lina nini?"

"Lina misumari."

Wakamweleza, Enoch na wenzake wa karakana ya breki. Walieleza wote, kwa sababu hakuna aliyekuwa na pumzi ya kumaliza sentensi peke yake. Mmoja alipoishiwa, mwenzake aliipokea palepale alipoiachia, bila kugombana, kama watu waliozoea kupokezana vyuma vizito. Ng'ambo ya uwanja, wakasema, palikuwa na karakana ya rangi. Kiangazi kimoja chenye joto la ajabu, joto la Uingereza lile la siku tatu, wao wa breki walifungua dirisha wavute hewa. Vumbi likatoka, likavuka uwanja, likatua kwenye rangi mbichi. Magari yakatoka na ngozi ya ulimi wa paka. Asubuhi yake meneja, Bwana Tunnicliffe, alikuja mwenyewe na nyundo, tai shingoni, akapigilia dirisha misumari kuzunguka fremu yote. Aliomba radhi kwa usumbufu. Akaamuru kila mtu wa breki apewe glasi ya maziwa kila siku, bure, ya kuosha vumbi kooni.

"Maziwa yalikuwa mazuri," sauti moja ikasema.

"Yalikuwa mazuri," wengine wakakiri.

Na tangu siku ile rangi ya Averley ikawa haina mfano.

Rowena alisimama akalitazama gari. Uso wake ulionekana kwenye rangi ya mlango wa gari, mzima, mpaka kikovu cha mafuta ya kukaangia kilichokuwa kidevuni. Mkononi alikuwa na kitambaa cha kung'arishia. Alikuwa ameing'arisha rangi hiyo kipupwe kizima. Akakikunja kitambaa, akakiweka juu ya rafu, na hakukishika tena siku hiyo.

Jumapili alfajiri alilitoa gari barabarani. Hakuchukua mpira. Alitaka tu kuona kama linavuta vizuri mlimani, na mlima uliokuwa karibu ni Harrowdown, wenye barabara nyembamba inayojiviringisha kati ya nyua za miti na malisho ya kondoo. Ukungu ulikuwa umelala bondeni. Alipoingiza gia ya tatu na kukanyaga, kabureta zote mbili zikashika noti moja, moja kabisa, ile ambayo watu wa kazi hii huitafuta nusu ya maisha yao, na nusu iliyobaki hudanganya kwamba waliipata. Na pumzi zikaja bila mpira. Zilikuwa kila mahali: kwenye viti, chini ya miguu, kwenye turubai lililokunjwa. Zikavuta, ukungu wote wa bondeni ukapanda mlima kulifuata gari. Zikashusha, ukungu ukarudi. Nyua za miti ziliinama na kuinuka pande zote mbili za barabara. Kondoo wakageuza vichwa upande mmoja, kama waumini mlango wa kanisa unapofunguliwa.

Enoch na wenzake walikuwa kama watu wanaopita mbele ya kitu kikubwa wakiwa wamevua kofia. Rowena aliendesha nywele zikimsimama mikononi, na si kwa baridi.

"Kumbe," mmoja akasema hatimaye. "Kumbe ndivyo lilivyo."

"Nilidhani lina makelele," akasema mwingine.

Kisha mtu akacheka. Kilikuwa kicheko cha kijana, na hakikukatizwa na kikohozi.

"Binti," baba yake akasema, "ile kona. Tunaweza kuirudia?"

Rowena akageuza gari kwenye lango la shamba, akashuka, akapanda, akaipiga kona ile tena. Akaipiga na mara nyingine, kwa sababu wa upande wa nyuma walilalamika hawakuiona vizuri. Kabla ya kona alikanyaga breki.

"Zinashika?" Enoch akauliza.

"Zinashika, baba."

"Haziburuti kushoto?"

"Hata kidogo."

"Hmm," Enoch akasema, kwa sauti ya mtu ambaye usiku huo hatawaza jambo jingine. "Hizo ngoma tulizifunga sisi."

Karibu na kilele akavuta pumzi. Ilianza chini kabisa, ikapanda bila kituo, bila filimbi, ikapanda mpaka Rowena akahisi kifua chake mwenyewe kinafunguka mbavu moja moja, na ukungu wote wa bonde ukasimama wima juu ya Harrowdown, mweupe, jua likiwa ndani yake kama taa. Akaishikilia. Halafu akaishusha taratibu, na ikapita juu ya majani yote ya mlima.

Maji ya radieta yakachemka. Yangekosaje, lilikuwa gari la Kiingereza linapanda mlima. Rowena alilazimika kuzima injini, na ilipozimika, wakaondoka. Palibaki harufu ya chuma kilichosagwa, na kwa mbali, maziwa. Alikaa kwenye nyasi akisubiri radieta ipoe. Alijua wamerudi wapi. Walikuwa wamerudi kazini, na dirisha lilikuwa lile lile.

Mkutano wa mwaka wa klabu ya wenye Averley hufanyika kwenye uwanja wa kiwanda cha zamani. Kiwanda chenyewe sasa ni fleti za watu wenye nafasi, zenye mabomba ya shaba na majina ya karakana milangoni: Fleti ya Rangi, Fleti ya Viti, Fleti ya Breki. Fleti ya Breki ilikuwa ya Bwana Ambrose Tunnicliffe, mtoto wa yule meneja. Alikuwa mzee mpole mwenye shingo ndefu, mwenyekiti wa klabu, mwenyekiti wa kamati ya wakazi, na jaji mkuu wa uasilia. Uasilia ndiyo dini ya pale. Gari hupewa alama kwa kuwa vilevile lilivyotoka getini. Kuna mtu aliwahi kunyimwa kombe kwa sababu ya nati iliyotazama upande usio wake. Alihama mji.

Rowena aliegesha chini ya dirisha la Fleti ya Breki. Lilikuwa refu, fremu yake ya mbao imepakwa rangi nyeusi, na vichwa vya misumari vilikuwa vimesuguliwa mpaka vinameta. Akawasha injini, akaiacha ipate moto. Lionel alikuja na viti vya kukunja na pai ya nguruwe. Wanachama wakakusanyika, wakapeana mpira, kila mmoja akiupangusa kwanza.

"Huyu ni mjomba Cuthbert," mama mmoja akasema, akiwa na kofia ya majani. "Bado anadai nilimvunjia baiskeli."

"Ulimvunjia," mumewe akasema.

"Najua nilimvunjia. Nasema bado anadai."

Vumbi likatua kwenye sandwichi. Watu wakazifunika kwa leso.

Bwana Tunnicliffe alipofika na kikaratasi chake cha alama, Rowena alimkabidhi mpira bila maelezo. Mzee akainama, akachomeka. Rowena aliona shingo ile ndefu ikiinama zaidi na zaidi.

"Wananiita bwana mdogo," Bwana Tunnicliffe akasema. "Wanasema nimekua." Akausukuma mpira sikioni zaidi. "Baba alikuwa akinileta Krismasi. Waliwahi kunichongea kigari, cha mabaki ya mbao. Nilikuwa nalala nacho." Machozi yalimteremka wazi, na hakuyafuta. "Wanauliza kama bado ninacho."

"Unacho?"

"Kiko juu ya meko."

"Basi wameuliza na jingine," Rowena akasema. "Kila mara wanauliza."

"Ndiyo. Dirisha."

"Bwana Tunnicliffe, lifungue."

Mzee akanyanyua macho kulitazama dirisha la sebule yake. Nyuma ya kioo, ukutani, ilionekana nyundo ya baba yake, imeangikwa kwenye ubao wa mninga pamoja na taa ndogo ya kuimulika.

"Ningependa, Rowena. Naapa ningependa. Na mimi kiangazi najifia mle ndani kwa joto."

"Misumari si mingi. Dakika kumi."

"Ni ya asili," akasema kwa upole. "Jengo zima limehifadhiwa kwa sababu ya vitu kama hivyo. Nimewaandama wakazi miaka yote wasibadili hata kitasa. Nikichomoa mimi, nitamzuia nani? Na hapo uwanjani, tazama, magari yote haya. Vumbi likitoka tena, rangi itakuwaje?"

Ndani ya mkoba wake, kati ya mwavuli na biskuti, Rowena alikuwa na mtarimbo mfupi. Aliujua uzito wake; alikuwa ameutumia kubandua kiota cha kuku kwenye viti vya gari. Akautoa. Lionel akasogeza kiti chake kando kumpisha, akabaki na pai mkononi. Hakuna aliyemzuia. Bwana Tunnicliffe mwenyewe alirudi hatua moja, kama mtu anayempisha mama mlangoni. Rowena akainama kwanza kwenye kabureta, akachomeka mpira, kwa adabu tu ya kuwaambia wakae mbali na kioo.

"Usivunje, binti," baba yake akasema.

"Ni misumari tu, baba. Nitaichomoa."

"Si wewe uliyeipiga."

"Kuna tofauti gani? Hewa ni hewa."

Wakapokezana jibu, taratibu, wakimtafutia maneno. Walisema hewa hawakuikosa siku ile tu dirisha lilipofungwa. Waliikosa kila siku iliyofuata, kila asubuhi mtu alipopita, akaiona misumari, akasema habari za asubuhi, akaenda zake.

"Afungue… aliyefunga," Enoch akamalizia. "Au mwanawe. Kwa mkono wake. Sisi tunangoja. Tuna zamu ndefu."

Rowena akasimama, mtarimbo mkononi, akamtazama Bwana Tunnicliffe. Akamnyooshea. Chuma kikaelea kati yao, na uwanja mzima ukatulia kiasi kwamba ilisikika oili ikidondoka chini ya magari. Mzee akanyoosha mkono. Akaupokea. Akaupima uzito kwa viganja vyote viwili, akaugeuza, akasoma chapa ya aliyeutengeneza.

"Kitu kizuri," akasema. "Hawatengenezi tena namna hii." Akamrudishia, mpini mbele, kama inavyotakiwa.

Jioni walitoa matokeo. Averley la Rowena lilipoteza alama kwa mikanda ya viti, ambayo si ya wakati ule, na kwa unyoya mmoja wa kuku uliokutwa chini ya zulia. Kwa upande wa sauti lilipata alama zote. Bwana Tunnicliffe alisema kwenye kipaza sauti kwamba tangu aanze kuhukumu hajawahi kusikia gari linalolia hivi, vilevile lilivyotoka kiwandani, na sauti yake ikakatika hapo, na watu wakapiga makofi kumsaidia. Rowena akapokea kombe akasema asante. Nyuma yake Bwana Tunnicliffe alipanda ngazi kwenda kwake, na taa ikawaka nyuma ya dirisha. Wakamwona ameketi mbele ya kioo, akitazama uwanja, kikombe chake amekifunika kwa kisahani.

Kombe liko gerejini kwa Rowena, limejaa skrubu. Dirisha la gereji huwa wazi, masika na kipupwe, na Lionel hulalamika kwamba chai inapoa, kisha huvaa shali na kuendelea kuinywa. Siku za hewa nzuri Rowena hulipeleka gari Harrowdown, na wa nyuma hupewa zamu ya kukaa mbele. Jumamosi asubuhi, chai ikibaki machicha, Rowena huvua vichujio, huviweka juu ya gazeti, huchomeka mpira sikioni.

"Dirisha limefunguliwa?"

"Bado, baba."

"Haya," Enoch husema. Pumzi inakwenda, inakwama, inalia kafilimbi, inakuja. "Skrubu ya nyuma imelegea kidogo. Ikaze unywele."

Naye huikaza.